Kumwanzisha mtoto Kijerumani nyumbani, hatua kwa hatua

Wengi wanaotaka kumfundisha mtoto Kijerumani huanza na daftari. Ukurasa wa kwanza rangi, wa pili siku za wiki, wa tatu namba mpaka ishirini. Baada ya mwezi mtoto anaghani orodha nzima bila kukwama, lakini ukimwuliza kwa Kijerumani kama ana kiu, anakukodolea macho. Maneno anayo, ila hajawahi kuyatumia kupata kitu.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: kila neno la Kijerumani linaloingia nyumbani lipewe kazi siku hiyohiyo. Liombe kitu, limwite mtu, lifungue mlango, lichekeshe. Nimeandika nikimfikiria mtoto wa miaka 3 hadi 10 hivi, pamoja na mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu anayemwongoza. Kama nawe ndiyo kwanza unaanza lugha hii, usiogope. Ukimtangulia mtoto kwa wiki moja tu inatosha, mradi usikilize matamshi ya wenyeji wa lugha kabla ya kuyapeleka kwake.

Hatua ya 1: Kipe Kijerumani mahali na saa yake

Chagua kipande kimoja cha siku kilichopo kila siku, chenye mwanzo na mwisho: kunawa na kupiga mswaki, kuvaa nguo, kuandaa meza, au dakika za mwisho kabla ya kulala. Hapo ndipo Kijerumani kitakaa. Dakika 10 hadi 15 zinamtosha mtoto mdogo, ila zisirukwe. Mtoto husahau upesi asichokitumia, na hukumbuka bila taabu anachokikuta tena kesho yake. Ndiyo maana dakika 10 za kila siku zinaishinda saa nzima ya Jumamosi.

Mimi hupendekeza bafuni. Vitu vya bafuni ni vichache, havibadiliki, vyote vinashikika, na maneno yanayosemwa humo ni yaleyale asubuhi na jioni. Ukinyoosha mkono ukasema *Seife*, mtoto anaona sabuni. Huna haja ya kutafsiri.

Kiswahili kibaki palepale kilipo. Hadithi, mazungumzo marefu, kumbembeleza akilia, vyote viendelee kwa lugha yake. Mtoto anayejua kitana, taulo na sabuni kwa Kiswahili anajifunza jina la pili la kitu anachokifahamu, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kujifunza kitu na jina lake kwa wakati mmoja. Akichanganya, akasema «Mama, nataka Wasser» (maji), usishtuke wala usimkemee. Amechukua neno lililokuwa karibu na mdomo wake.

Hatua ya 2: Masikio kwanza

Neno la kwanza la Kijerumani mtoto analo tayari: *Schule*. Shule yetu imetoka hapo, kama hela ilivyotoka kwenye sarafu ya Kijerumani iliyoitwa *Heller*. Safari nayo imekwenda upande wa pili, maana Mjerumani anayesafiri kwenda kutazama wanyama wa porini husema anakwenda *Safari*. Mwambie mtoto hayo siku ya kwanza kabisa. Anajua maneno matatu na hajafundishwa hata moja.

Kisha nenda kwa wanyama, maana milio yao inafundisha matamshi bila mtoto kujua kwamba anafundishwa. Jogoo wa Kijerumani huwika *kikeriki*. Mbwa hubweka *wau wau*, nayo hutamkwa «vau vau». Hapo mtoto ameshapata herufi w ya Kijerumani. Chura na bata husema *quak*, yaani «kvak». Hiyo ndiyo qu. Ng'ombe hulia *muh* kwa u ndefu. Kondoo hulia *mäh*, na humo imo ä, ambayo hapo ni e iliyo wazi na ndefu. Paka ni *miau*, karibu sawa na wetu. Ucheze naye wiki nzima: wewe unataja mnyama, yeye analia, halafu mnabadilishana.

Mtoto wa Kiswahili anaingia kwenye Kijerumani na mtaji mzuri wa sauti, na wazazi wengi hawajui. Irabu zetu tano, a, e, i, o, u, ni karibu zilezile. Sh anayo, ingawa Mjerumani huiandika sch. Ng' ya ng'ombe anayo pia, nayo ndiyo iliyomo kwenye *singen* (kuimba), *Finger* (kidole) na *Junge* (mvulana). Hapa kosa la kawaida ni kusoma ng hiyo kama ya ngoma, kwa hiyo mkumbushe: ni ng'ombe, siku zote. Na kama nyumbani mnatamka kh ya «kheri» sawasawa, basi *acht* (nane) na *Buch* (kitabu) hazitamsumbua.

Zitakazosumbua ni chache, tuzichukue moja moja.

Ya kwanza ni ü. Msimamishe mtoto mbele ya kioo. Mwambie aseme «iiii» na asiache. Ulimi usisogee hata kidogo. Sasa, huku sauti ikiendelea, akusanye midomo taratibu kana kwamba anataka kusema «u» au kuzima mshumaa. Sauti itakayotoka ndiyo ü. Mara ya kwanza atarudi kwenye «u», kwa sababu ulimi nao umeteleza nyuma. Mrudishe kwenye «iiii», kidole chake kiguse shavu, aanze tena. Ö ni vivyo hivyo, ila anaanzia «eeee» na midomo inakwenda kwenye «o». Usipuuze nukta hizi mbili zinazokaa juu ya herufi, zinabeba maana. *Bruder* ni kaka mmoja, *Brüder* ni kaka wengi. *Vogel* ni ndege mmoja, *Vögel* ni kundi. *Schon* ni tayari, *schön* ni nzuri.

Ya pili ni ch laini ya *ich* (mimi) na *Milch* (maziwa). Anong'one «hii» kwa nguvu, ulimi ukiwa karibu na kaakaa, kama paka aliyekasirika. Akisema «ish» kwa miezi kadhaa, mwache. Ataeleweka, na sehemu nyingine za Ujerumani wenyewe husema karibu hivyohivyo.

Ya tatu ni mrundikano wa konsonanti. Ulimi wetu umezoea kila silabi ifungwe na irabu, kwa hiyo *Strumpf* (soksi ndefu) hugeuka «shitirumpfu». Dawa yake ni kulijenga neno kutoka nyuma. Aseme «umpf», kisha *Rumpf*, kisha *Trumpf*, kisha *Strumpf*. Kijerumani kimetufanyia hisani hapa, maana kila ngazi baada ya «umpf» ni neno kamili: *Rumpf* ni kiwiliwili, *Trumpf* ni turufu ya karata. Nilifanya hivi na mtoto wa miaka 5 tukiwa tunavaa soksi, ngazi moja kila vidole vilipoingia kwenye soksi, na siku ya tatu alilisema lote bila kuongeza irabu hata moja.

R usiihangaikie. Wajerumani wengi hukokota r ya kooni, lakini r ya ulimi kama yetu husikika sana Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na Uswisi, wala haimzuii mtu kueleweka. Mkazo ndio wa kuangalia zaidi. Sisi huukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kijerumani, kwenye maneno yake ya asili, huukandamiza zaidi ule mwanzo: AR-beiten (kufanya kazi), SCHMET-ter-ling (kipepeo). Piga kofi moja kubwa kwenye silabi nzito na ndogo kwenye zilizobaki. Neno la kuazimwa kama *Elefant* lina mkazo mwishoni, nalo litajulikana kwa kusikilizwa.

Hatua ya 3: Sentensi za bafuni

Hapa ndipo Kijerumani kinapoanza kufanya kazi. Usimfundishe maneno yaliyokatwa vipande. Mpe sentensi nzima, fupi, kwa sauti ileile kila siku, na mwili wako ufanye kile unachokisema.

«*Komm, Hände waschen!*» Njoo, tunawe mikono. Mshike mkono mwende. «*Wasser an!*» Anafungua maji. «*Wo ist die Seife?*» Unatazama huku na huku kama umepotelewa. Yeye anaonyesha kidole. «*Da ist sie!*» Mnanawa mkihesabu *eins, zwei, drei* mpaka *zehn*. «*Wasser aus!*» Anafunga. «*Wo ist das Handtuch?*» Taulo. «*Da ist es!*» Anajifuta. «*Wo ist der Kamm?*» Kitana. «*Da ist er!*» Mwisho, mikono juu: «*Fertig!*» Tayari.

Wiki ya kwanza utasema yote peke yako. Ya pili mtoto atapiga kelele «*Fertig!*» kabla yako. Ya tatu, simama katikati ya sentensi unyamaze: «*Wo ist die…*» Atamalizia. Siku fulani atakukuta umesahau, atasema mwenyewe «*Wasser an!*», na hapo usimpigie makofi. Fungua maji. Makofi yanamwambia ametumbuiza. Maji yanamwambia ameeleweka.

Ukiona bafuni pamezoeleka, ongeza chumba cha pili. Mezani: *Ich habe Hunger* (nina njaa), *Ich habe Durst* (nina kiu), *noch mehr, bitte* (niongezee tafadhali), *danke* (asante), *Guten Appetit* (karibu chakula). Kitandani: *Licht aus* (zima taa), *Gute Nacht* (usiku mwema), *Schlaf gut* (lala salama). Kwenye michezo: *noch einmal!* (tena!), nalo watoto hulipenda kuliko yote kwa sababu linaleta raha papo hapo.

Hatua ya 4: Der, die, das, na siri iliyomo kwenye ngeli zetu

Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia moja kati ya tatu: *der*, *die*, *das*. Wazazi hulitazama jambo hili kama ukuta. Mtu mzima huuliza kwa nini jua ni la kike, *die Sonne*, na mwezi ni wa kiume, *der Mond*, na kwa nini msichana, *das Mädchen*, hayumo hata upande mmoja. (La msichana lina jibu: kila neno linaloishia na -chen, kiambishi cha udogo, huchukua *das*.) Mtoto hatauliza, usipomfundisha kuuliza.

Rudi kwenye sentensi za bafuni uzitazame tena kwa Kiswahili. Kitana kiko wapi? Kiko hapa. Sabuni iko wapi? Iko hapa. Taulo liko wapi? Liko hapa. Hakuna aliyemkalisha mwanao akamfundisha kwamba kitana ni ngeli ya KI-VI na taulo ni LI-YA. Amelisikia kila neno likitembea na wenzake mpaka «taulo kiko wapi» ikamkera masikioni. Na *Wo ist der Kamm? Da ist er. Wo ist die Seife? Da ist sie. Wo ist das Handtuch? Da ist es* ni mwendo uleule kabisa. Mtoto anayemudu upatanisho wa ngeli zote tulizonazo hawezi kushindwa na jinsia tatu.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni moja na isivunjwe: usitaje nomino mtupu. Si *Tisch* (meza), ni *der Tisch*. Si *Tür* (mlango), ni *die Tür*. Neno na kitangulizi chake vitoke pamoja kama vimeshonwa. Wewe mwenyewe ukisahau kitangulizi cha neno, tazama kamusi kwanza, kwa sababu kosa utakalompa sasa litakaa naye muda mrefu.

Kwa mtoto aliyeanza kutambua herufi, tumia rangi. Mpangilio unaokutana nao kwenye vitabu vingi vya kufundishia ni bluu kwa *der*, nyekundu kwa *die*, kijani kwa *das*. Kata vikaratasi, andika kwa rangi hizo, mbandike pamoja: *der Spiegel* kwenye kioo, *der Stuhl* kwenye kiti, *die Lampe* kwenye taa, *das Bett* kitandani, *das Fenster* dirishani. Vitano kwa wiki, basi. Ukibandika arobaini siku moja, kesho yake vimekuwa pambo la ukuta na hakuna anayevisoma. Uwingi nao ubandike ukifika wakati wake, maana hauna kanuni moja: *der Hund, die Hunde* (mbwa); *das Kind, die Kinder* (mtoto); *die Katze, die Katzen* (paka); *der Apfel, die Äpfel* (tofaa); *das Auto, die Autos* (gari). Tunaosema kiti na viti, jicho na macho, tumezoea uwingi unaojifunzwa pamoja na neno lake.

Akikosea, mrudishie sentensi iliyo sahihi bila kusema «umekosea». Akisema «*Das ist der Katze*», jibu kwa furaha, «*Ja, das ist die Katze! Die Katze ist müde.*» (Ndiyo, ni paka! Paka amechoka.) Amesikia lililo sawa mara mbili, na mazungumzo hayakukatika. Siku atakayosikia *Ich sehe den Hund* (namwona mbwa) na kushangaa *der* imekwenda wapi, mwambie tu kwamba *der* hugeuka *den* pale mbwa anapotazamwa, anapoitwa au anapolishwa. Jina la kisarufi atalikuta shuleni.

Kabla ya kuendelea: mtoto akijibu kwa Kiswahili

Atajibu kwa Kiswahili, tena kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hiyo ni kawaida. Akifanya unachomwambia kwa Kijerumani, ameelewa, na kuelewa hutangulia kusema katika lugha yoyote. Alikaa mwaka mzima akikusikiliza kwa Kiswahili kabla ya kutoa neno lake la kwanza, na hakuna aliyemharakisha.

Kitu kinachoua hamu upesi ni kuitwa mbele ya wageni: «Hebu wasalimie kwa Kijerumani wasikie!» Nilimfanyia hivyo mtoto niliyekuwa naanza naye, akainamisha kichwa, akakimbilia chumbani. Kwa wiki mbili hakutaka kusikia *Hände waschen*. Nililazimika kuanza upya na milio ya wanyama. Tangu siku hiyo Kijerumani cha mtoto ni mali yake, na ni yeye anayeamua nani asikie.

Hatua ya 5: Michezo inayozungumza

Mchezo ninaouweka mbele ya yote ni ule ambao watoto wa Ujerumani huucheza garini na mezani. Mmoja anachagua kimoyomoyo kitu kinachoonekana, anasema: *Ich sehe was, was du nicht siehst, und das ist rot.* Naona kitu usichokiona wewe, nacho ni chekundu. Wengine wanabahatisha: *Ist es die Lampe? Nein. Ist es der Ball? Ja!* Rangi zinaingia zenyewe, vitangulizi vinarudiwa mara ishirini kwa mchezo mmoja, na mtoto anauliza maswali kamili bila kuombwa. Anza na rangi nne: *rot* (nyekundu), *blau* (bluu), *grün* (kijani), *gelb* (njano). Kumbuka b, d na g mwishoni mwa neno hukauka, kwa hiyo *gelb* hutoka «gelp», *Hund* «hunt», *Tag* «taak».

Mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi upo pia: *Schere, Stein, Papier*. Wa kunong'onezana sikioni mpaka neno lifike mwisho limegeuka huitwa *Stille Post*, posta ya kimya, nao unafaa wakiwa wanne au zaidi. Kwa mtoto asiyetulia tumia amri za mwili: *spring* (ruka), *dreh dich um* (geuka), *setz dich* (kaa), *steh auf* (simama), *klatsch in die Hände* (piga makofi). Akizoea, yeye ndiye akuamrishe. Hapo utachoka wewe.

Kisha kuna maneno ya kuunganisha, nami hapa hukaa kwa muda kwa sababu watoto hung'ara macho. Kijerumani hutengeneza jina kwa kugandisha mawili. Pua ni *die Nase*, pembe ni *das Horn*. Mnyama mwenye pembe puani ni *das Nashorn*, kifaru. Mto ni *der Fluss*, farasi ni *das Pferd*. Farasi wa mtoni ni *das Flusspferd*, kiboko. Ngao ni *der Schild*, chura ni *die Kröte*. Chura mwenye ngao ni *die Schildkröte*, kobe. Mwiba na nguruwe, *der Stachel* na *das Schwein*, vinampata nungunungu, *das Stachelschwein*. Na kiatu cha mkono, *der Handschuh*, ni glavu.

Mpe mtoto karatasi, umwambie achore kile neno linachosema, si mnyama anayemjua. Achore farasi anayeogelea mtoni. Achore chura amebeba ngao. Ndipo mfunue kwamba ni kiboko na kobe. Neno lililochorwa namna hiyo halitoki kichwani. Mwonyeshe pia kwamba neno la mwisho ndilo linaloamua jinsia: *das Pferd*, basi *das Flusspferd*, *der Schuh*, basi *der Handschuh*. Ni kanuni isiyo na ujanja, na mtoto wa miaka 7 ataishika.

Hatua ya 6: Namba, na kusoma kupitia namba

Subiri mpaka mtoto asome Kiswahili bila kusitasita. Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, na msingi huo ni mzuri, ila una mitego michache anapovuka kwenda Kijerumani. Kwa bahati, karibu mitego yote imo ndani ya namba anazozihesabu kila siku bafuni. Andika moja hadi kumi kwenye karatasi kubwa, na neno analolijua kwa sikio limfundishe herufi asiyoijua kwa jicho.

*Eins, zwei, drei* zina ei, isomwayo «ai». *Zwei* ina z, ambayo ni «ts», na w, ambayo ni «v». Basi ni «tsvai». *Vier* ina v, ambayo ni «f», na ie, ambayo ni «i» ndefu. *Fünf* ina ü ya kioo. *Sechs* na *sieben* zinaanza na s inayosikika «z» kwa sababu inatangulia irabu, na chs ya *sechs* ni «ks». *Acht* ina kh ya kheri. *Neun* ina eu, «oi». *Zehn* inairudia z, na h yake haisikiki. Imekaa pale kuirefusha e. Ukifika *zwölf* umepata ö, na kwenye *dreißig* umekutana na ß, ambayo ni s kavu, haianzi neno kamwe, na Waswisi hawaitumii kabisa, wao huandika ss. Zinabaki j, ambayo ni «y» ya *ja*, pamoja na st na sp mwanzoni mwa neno, «sht» na «shp», kama *Stein* (jiwe) na *Spiegel*.

Kuanzia 13, ila hasa kuanzia 21, namba zinageuka. Sisi husema ishirini na moja. Mjerumani husema *einundzwanzig*, moja na ishirini. Mtoto akiandika akisikiliza ataandika 12 badala ya 21. Watoto wa Kijerumani wenyewe hujikwaa hapo, na wana neno la kosa hilo, *Zahlendreher*, kugeuza tarakimu. Mpe vikadi vya tarakimu. Ukisema *vierunddreißig*, aanze kuweka 4 upande wa kulia, kisha 3 kushoto kwake. Mkono ukizoea, sikio litafuata.

Jambo la mwisho la maandishi: kila nomino huanza na herufi kubwa, hata katikati ya sentensi. Mpe kitabu cha picha na penseli, awinde nomino ukurasa mzima kabla hajajua maana ya hata moja. Uwindaji huo utamsaidia baadaye, maana atakuwa anaona majina yamejipanga yakimsubiri.

Hatua ya 7: Sauti nyingine zaidi ya yako

Mtoto akisikia Kijerumani kutoka kinywa kimoja tu, atadhani ni lugha ya mtu huyo. Tafuta video fupi za wenyeji wa lugha, za dakika 3 hadi 5, na mtazame ileile mara tano au sita kwa wiki kabla ya kubadilisha. Mtu mzima huchoka na marudio, lakini mtoto hupata kitu kipya kila mara. Maandishi ya tafsiri yazimwe. Kitabu cha picha chenye maneno machache kila ukurasa kinafaa kuliko hadithi ndefu. Usikitafsiri, onyesha kidole na uigize. Goethe-Institut, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1951 kueneza lugha na utamaduni wa Kijerumani, ina Kinderuni, jukwaa la bure kwenye intaneti lenye masomo ya sayansi na mazingira kwa Kijerumani rahisi, lililolengwa watoto wa miaka 8 hadi 12.

Ingiza na siku za watoto wa huko, moja moja kwenye kalenda. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto hutembea jioni na taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe. Tengenezeni *eine Laterne*. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba husafisha viatu na kuviacha mlangoni, Nikolaus avijaze vitu vidogo. Tangu tarehe 1 hadi 24 Desemba hufungua kidirisha kimoja kila siku kwenye *Adventskalender*. Wewe tengeneza chako cha bahasha 24, kila bahasha na neno moja na kazi ya kulifanyia siku hiyo. Na mtoto anayeanza darasa la kwanza hupewa *Schultüte*, mfuko mkubwa wa karatasi wenye umbo la koni, uliojaa zawadi. Mwonyeshe picha zake, ataitaka.

Mkimpata mtoto mwenzake wa kuzungumza naye kwa simu ya video, mwandae kwa sentensi nne: *Hallo, ich heiße…* (Habari, naitwa…), *Wie heißt du?* (Unaitwa nani?) *Ich bin sieben.* (Nina miaka saba.) *Was spielst du gern?* (Unapenda kucheza nini?) Mtoto kwa mtoto, na kwa ndugu, ni *du*. Kwa mtu mzima asiyemfahamu ni *Sie*, yenye herufi kubwa, na mtoto aliyelelewa kuwaamkia wakubwa kwa adabu ataelewa mara moja kwa nini kuna maneno mawili.

Mtihani si wa kufikiria mapema. Ule wa kwanza wa Goethe-Institut kwa umri mdogo, *Fit in Deutsch 1* wa kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, umelengwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 16, nao una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kwenye sehemu ya kuzungumza mtahiniwa hujitambulisha, huuliza na kujibu maswali, kisha huomba jambo na kulijibu ombi la mwenzake. Mtoto wako atakapofika umri huo, mwulize kama anataka. Hadi hapo endeleeni na bafuni, na siku mkimaliza maneno yote yaliyomo, hamieni jikoni: *Wo ist der Löffel?* (Kijiko kiko wapi?)